Maisha ya Profesa Paul Ehrlich, Mwalimu wa Vipokezi

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mwanafunzi mwenye mafua ya mzio akipewa kidonge cha Piriton, kamasi hukauka na kupiga chafya hukoma. Lakini kikifika kipindi cha Jiografia mwanafunzi huyo hulala usingizi wa pono. Mbona kidonge kimoja kikaushe pua na kufunga macho? Nacho hakikuambiwa kiende puani wala kichwani, bali kilimezwa tumboni, kikachukuliwa na damu hata vidole vya miguu. Swali hili si la mzaha. Wanaosomea uganga na ufamasia hulikuta mapema katika masomo yao, na jibu lake ni neno moja: vipokezi. Juu ya seli za miili yetu mna vitu vidogo mno vinavyopokea kemikali fulani na kukataa nyingine. Mwilini mna kemikali iitwayo histamini, ambayo ikikaa juu ya vipokezi vyake vya puani hutuletea kamasi na chafya. Kidonge kile hukaa pale pale, kisifanye neno lo lote, na histamini ikija hukuta kiti kimekwisha kaliwa. Na kwa kuwa vipokezi vya namna ile ile vimo ubongoni, ambako histamini ina kazi ya kutukesha macho, ndiyo maana tunasinzia.

Walioanza kulitumia neno hilo katika elimu ya uganga, mwaka 1900, walikuwa Paul Ehrlich na msaidizi wake Morgenroth. Nimeona yafaa niwaandikie wasomaji wa gazeti letu habari za maisha ya Ehrlich, kwa sababu mbili. Kwanza, yeye hakuwa mwanafunzi wa kutajwa katika kila somo, na wengi wetu hatuko mbali naye katika jambo hilo. Pili, kazi yake iligusa ugonjwa ambao watu wa kwetu Kibondo hawahitaji kuelezwa, yaani malale, unaoletwa na mbung'o.

Alizaliwa tarehe 14 Machi, 1854, katika mji mdogo wa Strehlen, uliokuwa wakati ule katika nchi ya Prussia na ambao sasa ni wa Poland, ukiitwa Strzelin. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni na akitengeneza pombe kali. Mama yake alikuwa na mpwa aliyeitwa Carl Weigert, aliyemzidi Paul umri kwa miaka tisa, naye akawa daktari. Huyu Weigert ndiye aliyemwonyesha binamu yake jambo lililomteka maisha yake yote: kwamba rangi zilizotengenezwa viwandani kwa ajili ya kutilia nguo zaweza kutumika kutia rangi vipande vya nyama ya mwili, ili vionekane vizuri chini ya hadubini.

Shuleni Breslau alipenda Hisabati na Kilatini, lakini insha zilimshinda. Husimuliwa kwamba katika mtihani wa kumaliza shule walipewa insha juu ya maisha kuwa ndoto. Wenzake walijaza kurasa kwa maneno matamu. Ehrlich aliandika kwamba maisha ni kazi ya kemikali, mambo ya hewa ya oksijeni kuunguza chakula mwilini, na kwamba ndoto nazo ni kazi ya kemikali ubongoni. Walimu hawakupendezwa hata kidogo. Mimi nikisoma habari hiyo nilicheka, kisha nikafikiri kwamba kijana huyo alikuwa amekwisha andika mukhtasari wa kazi yake ya miaka arobaini iliyofuata.

Alisomea udaktari Breslau, Strassburg, Freiburg na Leipzig, akahitimu mwaka 1878. Popote alipokuwa, meza yake ilijulikana kwa madoa ya rangi. Alichojiuliza ni hiki: ukimwaga rangi moja juu ya kipande cha nyama ya mwili, kwa nini seli hizi zinaishika na zile za jirani zinaiachilia? Wengine walitumia rangi ili waone seli. Ehrlich aliitazama rangi yenyewe. Alisema moyoni kwamba kama rangi inachagua, basi katika seli pana kitu kinachochaguliwa. Kwa njia hiyo alizitenga aina mbalimbali za chembe nyeupe za damu, na mpaka leo maabara za hospitali huzihesabu kwa kuzitia rangi namna aliyoianzisha.

Mwezi Machi 1882, huko Berlin, Daktari Robert Koch alitangaza kwamba amekiona kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Ehrlich alikuwapo akisikiliza, akarudi maabarani usiku ule ule kutafuta njia bora ya kukitia rangi. Inasimuliwa kwamba aliviweka vioo vyake vikauke juu ya jiko la chuma lililokuwa baridi. Asubuhi mtumishi akaliwasha bila kujua, na badala ya kazi kuharibika, ule moto ukaigandisha rangi vizuri zaidi. Baadaye ugonjwa huo huo ukamwangukia mwenyewe. Mwaka 1888 ilimbidi aache kazi aende Misri, kwenye hewa kavu, pamoja na mkewe Hedwig. Alirudi amepona, hana kazi, akajifungulia maabara ndogo yake mwenyewe.

Mwaka 1891 yeye na mwenzake Guttmann waliwapa wagonjwa wawili wa malaria rangi iitwayo bluu ya methilini, kwa kuwa Ehrlich alikuwa ameona kwamba vijidudu vya malaria vinaishika rangi hiyo. Wote wawili walipata nafuu. Haikuishinda kwinini, wala haikuenea, lakini kwa mara ya kwanza kitu kilichotengenezwa kiwandani kilipigana na malaria ndani ya mwili wa mtu.

Baada ya hapo alifanya kazi juu ya dondakoo, ugonjwa uliokuwa ukiwanyonga watoto wengi wa Ulaya. Emil von Behring alikuwa amepata dawa kutokana na damu ya wanyama, ila nguvu zake zilibadilika-badilika. Chupa moja iliponya, nyingine haikufaa kitu. Ehrlich akabuni njia ya kuipima ili kila chupa ijulikane ina nguvu kiasi gani. Katika kupima huko ndiko alikotoa, mwaka 1897, fundisho lake lililomletea sifa na maadui pia. Lilikuwa hivi. Seli ina mikono midogo mingi ya kushikia chakula. Sumu ya dondakoo, kwa bahati mbaya ya mwanadamu, ina umbo linaloingia barabara katika baadhi ya mikono hiyo, kama ufunguo unavyoingia katika kufuli. (Mfano wa ufunguo na kufuli aliutoa mtaalamu wa kemia Emil Fischer mwaka 1894, kwa habari nyingine.) Mkono ulioshikwa na sumu haufai tena, kwa hiyo seli huota mingine, tena kupita kiasi, hata mikono ya ziada hukatika na kuelea katika damu. Hiyo ielelayo huikamata sumu kabla haijaifikia seli, na hapo mwili umepata kinga.

Leo twajua kwamba mambo ya kinga hayaendi sawasawa kama alivyodhani. Lakini alivyolifundisha! Ehrlich hakuweza kueleza neno bila kuchora. Alichora kwenye karatasi, kwenye vitambaa vya meza, na karatasi ikikosekana alichukua chaki akachora sakafuni huku mgeni wake amesimama. Mwaka 1900 alialikwa London kutoa mhadhara mbele ya Royal Society, na mhadhara huo ulipochapishwa ulikuwa na michoro ya seli zenye mikono, mikono yenye vinywa, na sumu zenye vichwa vya kuingia katika vinywa hivyo. Wataalamu wakubwa kama Max Gruber na Jules Bordet hawakukubali. Walisema hivyo ni vinyago vya karatasi tu, kwa maana hakuna aliyepata kukiona kipokezi hata kimoja. Na kwa kweli walikuwa na haki ya kusema hivyo. Hakuna aliyekuwa amekiona.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vingi hulipita upesi, nami naliona ndilo kubwa. Kwa miaka kadhaa Ehrlich mwenyewe alikataa kwamba dawa za kawaida zina vipokezi. Aliona kwamba sumu ya dondakoo hushika isibanduke, lakini dawa kama zile zitokanazo na mimea huweza kuoshwa zikatoka katika seli kwa urahisi. Kitu kinachooshwa kikatoka, akafikiri, hakikufungwa kwenye mkono wo wote.

Aliyemtoa katika shaka alikuwa Mwingereza, John Newport Langley wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1905 Langley alieleza majaribio yake juu ya misuli ya kuku. Ukiidunga nikotini, ile iliyomo katika tumbaku, misuli fulani hukakamaa. Ukiidunga kurare, sumu ya mishale ya Wahindi Wekundu wa Amerika ya Kusini, misuli hiyo hulegea, na nikotini ikiongezwa kidogo haina nguvu tena. Watu walidhani sumu hizi zinafanya kazi katika ncha za mishipa ya fahamu. Langley akaikata mishipa hiyo, akangoja mpaka ncha zake zimekufa, kisha akajaribu tena. Nikotini ikaikakamaza misuli kama kwanza, na kurare ikaizuia kama kwanza! Basi kinachozipokea sumu hizo hakimo katika mishipa, kimo katika msuli wenyewe. Tena zote mbili zinagombea mahali pamoja: moja ni ufunguo unaoingia na kuzunguka, ya pili ni ufunguo unaoingia usizunguke, ukaziba tundu. Msomaji akikumbuka kile kidonge cha mafua, ataona kwamba ni habari hiyo hiyo.

Ushahidi wa pili Ehrlich aliupata katika vizimba vya panya wake mwenyewe, huko Frankfurt, alikohamia mwaka 1899 kuwa mkuu wa chuo cha utafiti. Na hapa habari yetu inaingia Afrika ya Mashariki.

Katika miaka ya kwanza ya karne ya 20 malale yaliwaangamiza watu pembezoni mwa Ziwa Viktoria. Upande wa Uganda peke yake hukadiriwa kwamba walikufa zaidi ya 200,000. Ilikuwako dawa iitwayo atoksili, iliyotengenezwa kwa aseniki, ambayo iliwapunguza vijidudu vya malale katika damu. Robert Koch alikuja nayo visiwa vya Sese mwaka 1906, akawadunga wagonjwa wengi. Kwa muda walionekana kupata nafuu. Lakini ilipozidishwa, baadhi yao walipofuka macho, na vipofu hao hawakuona tena. Dawa iliyokuwa imeshika kijidudu ilikuwa imeshika na mishipa ya macho.

Nyumbani kwetu babu husimulia jinsi wazee wake walivyohamishwa kutoka msituni kuingia makambini wakati wa ukoloni, kwa sababu ya mbung'o na malale. Kwa hiyo nisomapo habari za Sese siwezi kuzisoma kama hesabu za kitabuni tu.

Ehrlich na mtaalamu wake wa kemia, Alfred Bertheim, waliichunguza atoksili, na mwaka 1907 wakagundua kwamba wataalamu walikuwa wamekosea kuhusu muundo wake. Kwa kuwa sasa muundo ulijulikana, iliwezekana kuubadili kidogo kidogo, hapa kuongeza, pale kuondoa, mpaka ipatikane dawa inayomshika kijidudu kwa nguvu na kumshika mgonjwa kidogo sana. Hilo ndilo lililokuwa shabaha yake: risasi inayomtafuta adui peke yake.

Wakati huo huo panya wake walimfundisha. Alipowapa panya wenye vijidudu vya jamii ya malale dawa kidogo kidogo, baadaye vijidudu viliizoea, hata dozi kubwa haikuviua. Hiyo ndiyo habari ya usugu tunayoisikia sana siku hizi. Lakini tazama ajabu yake: vijidudu vilivyokuwa sugu kwa atoksili vilikufa mara moja vikipewa rangi nyekundu ya tripani, na vilivyokuwa sugu kwa rangi moja viliuawa na rangi ya jamii nyingine. Ehrlich akaona kwamba kila jamii ya dawa ina mlango wake. Usugu ni mlango mmoja uliobadilishwa kufuli. Milango mingine iko kama zamani. Toka hapo akakubali, akafundisha kwa nguvu zake zote, kwamba dawa nazo zina vipokezi, na kwamba dawa isiposhika mahali haifanyi kazi. Napenda zaidi Ehrlich huyu, aliyegeuza maneno yake mwenyewe hadharani, kuliko yule wa kupewa nishani. Nishani nazo alipata: mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel ya uganga pamoja na Mrusi Ilya Mechnikov.

Watu waliomwona walisema alikuwa mtu mfupi, mwembamba, mwenye miwani, asiyekula vizuri, na kikasha cha sigara kubwa kikiwa kwapani daima. Alivuta sigara kali kama 25 kwa siku. (Katika hili tusimwige.) Ofisini mwake vitabu na magazeti vilijaa juu ya viti na makochi, hata mgeni hakuwa na pa kukaa. Kila asubuhi wasaidizi wake walipokea vikaratasi vya rangi vilivyoandikwa kwa mkono wake, vikisema leo fanya hiki, jaribu kile tena. Ole wake asiyejaribu tena.

Kujaribu tena ndiko kulikoleta dawa namba 606. Bertheim alikuwa ameitengeneza tangu mwaka 1907, lakini msaidizi mmoja aliijaribu akasema haina faida, ikawekwa kabatini. Mwaka 1909 alikuja Mjapani Sahachiro Hata, aliyekuwa fundi wa kuwaambukiza sungura kaswende. Kijidudu cha kaswende kilikuwa kimegunduliwa mwaka 1905 tu. Ehrlich akamwambia azipitie upya dawa zilizokataliwa. Hata akamdunga sungura mwenye vidonda dawa ya 606, na siku iliyofuata hakuona kijidudu hai hata kimoja. Baada ya wiki chache vidonda vilikuwa vimepona.

Wakati ule kaswende ilitibiwa kwa zebaki, iliyong'oa meno na kuharibu mafigo, na wengi waliishia wendawazimu au kaburini. Kwa hiyo dawa ilipotangazwa mwezi Aprili 1910 madaktari walimiminika Frankfurt kama watu wa njaa kwenye ghala. Ehrlich hakuiuza kwanza. Ziligawanywa dozi kama 65,000 bure kwa madaktari, kwa sharti kwamba kila mmoja alete habari ya mgonjwa wake, njema au mbaya. Mwishoni mwa 1910 ikaanza kuuzwa kwa jina la Salvarsan.

Habari mbaya zilikuja. Dawa hiyo iliharibika ikiguswa na hewa, na ilitaka maji safi kabisa na mkono wenye ujuzi. Wako waliodungwa vibaya, na wako waliokufa. Kila kifo kilimkosesha usingizi. Mwaka 1912 alitoa nyingine, namba 914, iliyokuwa rahisi kuyeyusha. Walakini maadui hawakunyamaza. Gazetini waliandika kwamba anawaua watu kwa ajili ya fedha, na wengine waliongeza matusi juu ya Uyahudi wake. Mwaka 1914 jambo hilo lilifika mahakamani Frankfurt, Ehrlich akaitwa kutoa ushahidi, na mwandishi wa habari zile akafungwa. Lakini afya yake ilikuwa imekwisha vunjika. Vita vikaanza mwezi Agosti mwaka huo, vikamtenga na rafiki zake wa ng'ambo. Alifariki Bad Homburg tarehe 20 Agosti, 1915, akiwa na miaka 61, akazikwa katika makaburi ya Wayahudi Frankfurt.

Serikali ya Hitler ilipotawala, jina lake liliondolewa katika barabara ya Frankfurt iliyoitwa kwa heshima yake, na mjane wake, aliyekwisha kuwa mzee, alilazimika kuikimbia nchi. Alifia Marekani mwaka 1948. Baadaye Wajerumani waliirudisha heshima yake. Kabla ya kuja kwa Euro, noti yao ya mark 200 ilikuwa na picha yake.

Salvarsan ilitumika hadi penisilini ilipoishika nafasi yake katika miaka ya 1940. Kwa malale safari ilikuwa ndefu zaidi. Kutokana na zile rangi za panya ilipatikana suramini, iliyotumika Afrika ya Mashariki miaka mingi, nayo melasoproli, jamaa ya aseniki, iliponya wengi na kuua mgonjwa kama mmoja katika kila 20 waliodungwa. Dawa ya kumeza tu, feksinidazoli, ilikubaliwa mwaka 2018 kwa malale ya Afrika ya Magharibi na Kati, na mwaka 2023 kwa malale ya kwetu.

Na vile vipokezi ambavyo hakuna aliyeviona? Mwaka 2012 Wamarekani Robert Lefkowitz na Brian Kobilka walipata Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yao juu ya jamii moja kubwa ya vipokezi, ambayo cha histamini kimo ndani yake. Mwaka mmoja kabla yake Kobilka na wenzake walikuwa wamepata picha ya kipokezi kikiwa katika kazi, kimeshikwa na kemikali upande wa nje na kinapeleka habari ndani ya seli. Ni uzi mrefu wa protini uliopita na kurudi mara saba katika ukuta wa seli. Haufanani sana na michoro ya chaki ya sakafuni, ila pale katikati pana kishimo, na ndani ya kishimo hicho dawa imekaa.